Maswali ya Wasomaji: Nani Atamwazima Nani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Tukuyu. Nina vitabu vipatavyo mia tatu, nilivyovikusanya tangu nilipoajiriwa, na kila msimu wa mvua vinaota ukungu, kwa kuwa mvua ya huku, kama mjuavyo, haina adabu. Wanangu walioko Dar es Salaam wanataka kuninunulia kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa sharti kwamba haya wanayoyaita makaratasi niyagawe au niyachome. Mmoja wao anasema hata maktaba ya mkoa siku hizi haina kazi. Je, wanangu wana haki?
Mwalimu mstaafu, Rungwe

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Usichome kitu, na zawadi ya watoto ipokee.

Nianze na zawadi. Kifaa hicho, kama ni kile chenye wino wa kielektroniki, hakifanani na simu janja wala na vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya mwaka 2022. Kioo cha simu kinakumulika machoni, lakini ukurasa wa kifaa hiki umejaa vidonge vidogo mno, na ndani ya kila kidonge mna chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji tofauti za umeme, ambazo hupanda au kushuka kadiri umeme unavyozivuta. Zikishatulia mahali pake, maandishi hubaki yalivyo bila kutumia umeme mpaka utakapofungua ukurasa mwingine. Kwa sababu hiyo betri yake huweza kudumu kwa majuma, na mtu wa Rungwe, ambaye radi moja tu yatosha kumlaza gizani, atalithamini jambo hilo kuliko mtu wa mjini. Tena herufi hukuzwa upendavyo, na kwa macho yaliyosahihisha madaftari miaka yote hiyo, hiyo ni faida ya kweli ambayo karatasi haiwezi kukupa.

Sasa nije kwenye kasoro, ambayo wauzaji hawaitaji sana. Kitabu cha namna hii, mara nyingi, hukinunui. Unanunua ruhusa ya kukisoma. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ya Marekani, ambayo ilikuwa imeanza kuuza kifaa chake cha Kindle mwaka 2007, ilifuta kwa mbali vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa maelezo kwamba aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Kimojawapo kilikuwa ni 1984, riwaya ambayo ndani yake dola huteketeza maandishi yasiyoipendeza, kwa hiyo waliokisoma hawakukosa la kusema. Wateja walirudishiwa fedha zao na mkuu wa kampuni akaomba radhi hadharani. Hata hivyo, nakuomba ulitazame jambo lenyewe: hakuna mwenye duka la vitabu pale Mbeya mjini anayeweza kuingia chumbani mwako usiku, akachukua kitabu alichokuuzia, akaacha fedha mezani na kuondoka.

Linalonigusa zaidi, mwalimu, ni suala la kuazimana. Katika miaka yako ya kazi nina hakika uliwaazima wanafunzi vitabu, na vingine havikurudi, na pengine kimoja kati ya hivyo visivyorudi ndicho kilichomtoa mtu kijijini. Kitabu kilichomo ndani ya kifaa chako hakimwendei jirani isipokuwa umpe kifaa chote, pamoja na kila kitu kilichomo. Kwa mtazamo wangu, hapo ndipo maktaba inapopata maana yake, kwa sababu yenyewe ndiyo mwazimaji wa wote, hata wa yule asiyekuwa na mjomba mwenye vitabu.

Nchi yetu ililitambua hilo mapema. Sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikaipa nguvu mpya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ambayo maktaba za mikoa, zikiwemo za Mbeya na Iringa, ziko chini yake. Wachapishaji nao wanatakiwa kisheria kuwasilisha nakala za vitabu vyao huko, ili kitabu kilichokwisha sokoni kisiwe kimekwisha duniani.

Niliwahi kukaa katika maktaba ya Iringa asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ikiwa imetufanya sote tusome tukiwa na makoti. Mzee mmoja alikuja kutafuta jambo la viazi mviringo. Mkutubi alimpeleka kwenye rafu ya 630, ambayo kwa mpangilio wa Dewey ndiyo ya kilimo, na mzee akaanza kupitisha kidole kwenye migongo ya vitabu kama mtu anayehesabu mifugo. Alipoondoka alikuwa ameazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kifaa kingemjibu habari za viazi, tena upesi. Nyuki hakuwa amewauliza.

Kuhusu ukungu: vitabu visiegemee ukuta wa nje, na visibanane rafuni. Kilichopata unyevu usikifunge ndani ya mfuko wa nailoni, kwani utakuwa umeupa ukungu nyumba. Kianike kivulini penye upepo huku kurasa zikiwa zimeachana, na kikikauka kipanguse kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Ukitaka kuvitoa kwa maktaba, peleka kwanza orodha, umwachie mkutubi achague. Vya kiada vya mitaala iliyopitwa huenda asivitake, na vyenye ukungu asivipokee kwa kuwa vitaviambukiza vingine. Lakini kama una vitabu vya Kinyakyusa, vya tangu enzi za misheni ya Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891, hivyo usivitoe kabla ya kumwonyesha mtu anayejua thamani yake. Sidhani kama wanao watavipata katika duka lolote la mtandaoni.

SWALI: Sisi wanafunzi tunatumiana riwaya na tamthiliya za shule kwa WhatsApp, bila malipo. Mwalimu wetu anasema ni wizi. Kitabu si elimu, na elimu si ya wote?
Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa

JIBU: Mwalimu wako yuko upande wa sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake, na waandishi wengi wa Kiswahili unaowasoma ama wako hai ama hawajafikisha muda huo. Mwandishi wa Kiswahili hapati fedha nyingi hata kitabu kinapouzwa, sembuse kinapopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kidole gumba cha mpigaji kikionekana pembeni.

Njia za halali zipo. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, inatoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha huko Marekani, ingawa vingi ni vya Kiingereza. Na maktaba ya mkoa inanunua nakala moja ambayo ninyi ishirini mtaisoma kwa zamu, mwandishi akiwa amelipwa na bando lenu likiwa salama.

SWALI: Binti yangu ana miaka mitano. Nimnunulie kishikwambi cha hadithi au vitabu?
Mama wa Uyole

JIBU: Vitabu, mama, tena vyenye picha kubwa na jalada gumu, kwa maana atavikalia. Jumamosi mpeleke maktaba, umwache achague mwenyewe, na asishangae mtu akichagua kile kile kwa majuma matatu mfululizo.