Majimaji ya kijani kwenye mshono wa tumbo
Pole sana dada kwa uliyoeleza kuhusu kaka yako aliyepasuliwa tumbo. Majimaji ya kijani kwenye mshono wake, pamoja na homa na tumbo gumu, yaelekea ni fistula: utumbo umetoboka na unavujia nje. Kama mpo Moshi mpelekeni hospitali ya KCMC usiku huu huu, msingoje kuche. Kwanza madaktari wapambane na maambukizi: dripu, antibayotiki, kutoa usaha. Msishinikize tundu lizibwe haraka kwa upasuaji; kwa kawaida husubiriwa miezi 3 au zaidi, na fistula nyingine hujifunga zenyewe. Pimeni kinachotoka: kikizidi mililita 500 kwa siku, anapoteza maji na chumvi nyingi. Ngozi ipakwe krimu ya zinki, majimaji yale huichoma vibaya mno. Na lishe ni muhimu, jamani! Ila msimpe hata mtori kabla daktari hajaruhusu.