Jibu: Pikipiki ya cc 125 iliyotumika na kupakwa rangi upya

Ndugu, umeuliza kama inafaa kununua pikipiki ya cc 125 iliyopakwa rangi upya na ambayo mita yake inasoma kilomita 18,000 tu. Tarakimu hizo zisikutulize, kwa kuwa waya wa spidomita ukikatika, hesabu husimama huku pikipiki ikiendelea kutembea. Tazama badala yake mpira wa kukanyagia gia, maana ukiwa umelika hadi kuwa laini, maelezo ya muuzaji kuhusu matumizi madogo hayana uzito.

Mwombe asiiwashe kabla hujafika, kisha uguse injini kwa kiganja, kwani ukiikuta ya moto huenda anaficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Ikishapata moto, vuta mafuta huku ukitazama bomba la moshi: moshi wa bluu usiokoma huonyesha kuwa oili inaungua, aghalabu kwa sababu ya ringi za pistoni zilizochoka, na ukarabati wake unaweza kumeza nafuu yote uliyoipata kwenye bei. Cheni na sproketi zilizolika ni jambo dogo, ziombee punguzo.

Rangi mpya ndiyo inayonitia shaka zaidi. Chunguza chini ya tangi, karibu na shingo ya usukani, kama fremu haijachomelewa, na ulinganishe namba yake na ile ya kadi ya usajili. Zikitofautiana, ondoka hata kama mmekwisha kupatana.