Mkono wangu ulivyoniaibisha Panama

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata meli ya nafaka, inapakia Mississippi inakwenda Japani. Wameniambia nitashika usukani Panama. Nimeangalia video mpaka usiku, naona meli kama inasugua kuta. Nifanyeje?"

Nilimjibu mistari miwili, kisha nikaona sijamtendea haki. Njia hiyohiyo, na mzigo wa namna hiyohiyo, ndivyo vilivyonivunja moyo miaka tisa iliyopita, na mwezi uliopita vikaniinua. Kwa hiyo namjibu hapa kwa kirefu. Nawe baharia mwenzangu unayeota mistari minne mabegani, yaani unahodha, soma, maana yanakuhusu.

Kwanza hizo kuta. Loki za zamani za Mfereji wa Panama, unaounganisha Atlantiki na Pasifiki, yaani vyumba vya maji vyenye milango, zilifunguliwa Agosti 1914 na upana wake ni mita 33.5. Meli yetu ilikuwa na upana wa mita 32.26. Kila ubavu unabakiwa na sentimita sitini na kitu, chini ya hatua moja ya mtu mzima. Ukichungulia kutoka pembeni mwa chumba cha usukani huoni maji kabisa, unaona chuma na zege. Pale Gatun, loki za upande wa Atlantiki, watu wawili wanakufuateni na kijimashua cha makasia. Ndiyo, makasia, kwa meli ya mita 225! Wanaleta kamba nyembamba, na kwa kamba hiyo zinavutwa nyaya nene za vichwa vya treni vinavyotembea juu ya kuta, huku na huku. Wenyewe wanaviita mulas, yaani baghala, mtoto wa punda na farasi. Meli inakwenda kwa injini yake. Kazi ya baghala ni kuishika isiegemee upande.

Milango ikishafungwa, maji ya ziwa Gatun lililo juu yanaingia kwa uzito wake tu, hakuna pampu. Meli inapanda ngazi tatu hadi mita 26 juu ya bahari. Maji hayo ni ya mvua na ya mto Chagres, ndiyo maana ukame wa 2023 ulipopunguza maji ya ziwa, idadi ya meli zinazopita kwa siku ikapunguzwa na zilizopita zikalazimika kubeba mzigo mwepesi.

Mdogo wangu, kwenye loki meli inashikwa na wengi. Utakapokuwa peke yako ni Culebra.

Culebra ni mlima uliochongwa, kilomita 13 na ushei. Sehemu zilizonyooka zina upana wa mita 192. Utasema ni pana, lakini meli yako ikikaa mshazari haitoshi humo. Halafu meli ndani ya mfereji si meli ile ya bahari kuu. Ukisogea karibu na ukingo, maji yanayopita kati ya ubavu na ardhi yanaivuta tezi (nyuma ya meli) kwenye ukingo na kuisukuma omo (mbele) upande wa pili. Ukishtuka na kuzungusha usukani mwingi, umeshajiharibia, kwa sababu meli hujibu kwa kuchelewa, na ikijibu inajibu kwa uzito wake wote. Dunia nzima iliona Machi 2021 meli ya mita 400 ikilala mshazari ndani ya Suez kwa siku sita. Mabaharia wengi hawakucheka siku zile. Mimi sikucheka.

Sasa aibu yangu. Usiku ule tulikuwa nangani nje ya Colón, bandari ya upande wa Atlantiki. Mtandao ulishika baada ya siku kadhaa za bahari tupu, na mimi nilikuwa na mchumba Unguja. Saa zangu za kulala nilizimaliza kwenye simu. Alfajiri nikaitwa omo kwa ajili ya loki za Gatun. Saa za ziwani naziruka, hazina habari. Mchana, tukikaribia Gamboa, mwanzo wa Culebra, nikapewa usukani.

Pale Gamboa mto Chagres unaingia kutoka kushoto kwa anayekwenda Pasifiki, na maji yake yanaisukuma omo kulia. Rubani aliliona hilo mapema. (Kwetu siku hizi ukisema rubani watu wanatazama angani, lakini neno hili ni la baharini tangu enzi za majahazi.) Kule Panama rubani si mshauri wa nahodha tu, uongozaji wa meli unakuwa mikononi mwake. Akaamuru nyuzi kumi kushoto. Nikaitikia kwa sauti: nyuzi kumi kushoto. Na mkono wangu ukazungusha kulia.

Sekunde mbili, labda tatu. Rubani alikuwa anatazama kile kioo cha juu kinachoonyesha nyuzi za usukani. Alipaza sauti, nikarudisha, akaamuru kushoto kabisa, kisha akaongeza injini ili usukani ushike. Ukingo wa kulia ulikuwa ukija. Naukumbuka ule udongo mwekundu na ndege mmoja mweupe amesimama. Meli ikaitika, taratibu mno, ikapita. Rubani akamwambia nahodha, kwa adabu: nibadilishie huyu.

Afisa mmoja akaniambia mbele ya wote nikashike ufagio, ndiyo saizi yangu. Miezi mitano iliyobaki sikugusa usukani kwenye maji membamba. Yule afisa sijamsahau. Kosa lilikuwa langu, nalikubali, lakini kijana hafundishwi kwa kuvunjwa.

Nilichojifunza kinaingia kiganjani. Ukishazungusha usukani, inua macho utazame kile kioo, kisha utamke unachokiona pale, siyo ulichodhani umefanya. Mdomo wangu ulisema kushoto kwa sababu sikio lilisikia kushoto. Hakuna aliyeuuliza mkono. Kuta usizitazame, hiyo ni kazi ya rubani. Kioo. Tena nasema, kioo. Na usukani mdogo, mapema.

Na simu. Vijana, tunajidanganya. Mnalia kwamba kampuni haziwaamini Waswahili na usukani, halafu zamu inakukuta macho mekundu umetoka kutazama mpira. Nyumbani watakupenda hata ukipiga kesho. Mama yako hakukuuzia ng'ombe upate vyeti ili uende kusinzia Gamboa. Mwenye kuutaka unahodha aanze na usingizi wake, aswali, alale.

Mwezi uliopita nilirudi Gamboa na meli nyingine, upana uleule. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa saba kamili. Maji ya Chagres yalikuwa na nguvu kwa mvua. Rubani akaamuru nyuzi kumi kushoto, nikazungusha, nikainua macho, mshale ukasimama kwenye kumi, upande wa kushoto, nikasema. Niliishika Culebra nzima mpaka loki ya Pedro Miguel. Kabla ya kushuka rubani alinipa mkono, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Akasema ninamsomea usukani vizuri.

Kijana wa Tanga, uliniuliza pia kama uombe kubadilishwa zamu. Usiombe. Ukifika nangani Colón piga simu moja, waage, kisha mkabidhi simu mwenzako mpaka mtakapoipita loki ya mwisho, Miraflores. Ukitokea Pasifiki niandikie.