Re: Diski ya seva imejaa ila mafaili siyaoni

Mkuu, unasema df -h (amri ya kuona diski imejaa kiasi gani) inaonyesha asilimia 100, ila ukipima kwa du (inayojumlisha ukubwa wa mafaili) unapata nusu tu, na logi kubwa (faili la kumbukumbu za programu) umeshaifuta bila nafuu. Hapo hakuna uchawi. Ulichofuta ni jina. Kama kuna programu bado imelishikilia lile faili, Linux hairudishi nafasi mpaka programu iliachie.

Endesha sudo lsof +L1. Itakuorodheshea mafaili yaliyofutwa ambayo bado yako wazi, pamoja na ukubwa na PID, yaani namba ya programu inayoyashikilia. Kisha iwashe upya huduma (programu) hiyo peke yake kwa systemctl restart. Usizime seva nzima! Mimi hapa Kigoma niliwahi kuizima kwa pupa, umeme wa mtaani kwetu Mwanga nao ukakatika kabla haijawaka, nikakesha na mbu hadi asubuhi.

Siku nyingine logi ikivimba usiifute kwa rm. Tumia truncate -s 0 kwenye faili lenyewe, nafasi inarudi papo hapo na huduma haisumbuki. Logi za journald (mtunza logi wa mfumo wenyewe) zipunguze kwa journalctl --vacuum-size=500M.

lsof ikitoka patupu, jaribu df -i, huenda zilizoisha ni inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili; kila faili hula moja hata likiwa dogo. Vijifaili vya seshoni za PHP (vya kukumbuka wageni wa tovuti) vina tabia hiyo.

Halafu weka kikroni (kazi ya cron inayojiendesha kwa ratiba) cha kuangalia df kila dakika 10, kikutumie ujumbe diski ikifika asilimia 80. Kungoja wateja wapige simu ndiyo ujue, hapana kaka.

Ukiendesha hiyo lsof, bandika majibu hapa tuyaone.