Kichuguu A cha Poverty Point: miezi, si karne

Je, kichuguu hiki, yaani kilima cha udongo kilichojengwa na watu, kilichukua karne kukamilika? Hapana. Kichuguu A cha Poverty Point, Louisiana, Marekani, kina mita 22 hivi kwenda juu na takribani mita za ujazo 238,000 za udongo, na makadirio ya wachimbuzi Ortmann na Kidder ni kwamba kilijengwa ndani ya siku 90.

Ushahidi uko ndani ya udongo wenyewe. Tazama rundo la udongo lililoachwa kwenye mjengo hapa Nairobi wakati wa masika: mvua moja tu, limeshachimbika vijifereji, na chini yake tope laini limetandaa kama utando. Ujenzi ukisimama muda mrefu zaidi, huota nyasi, minyoo hupenya, mizizi huacha alama. Walipokata kichuguu kile hawakuona hata kimoja kati ya hivyo katikati ya matabaka, na Louisiana ni kwenye mvua nyingi. Walichoona ni mabaka ya rangi tofauti yaliyobanana, kila baka mzigo mmoja uliomwagwa. Kwa tipa la mita za ujazo 10 hizo ni safari 23,800, na hawa walikuwa wawindaji na wakusanyaji, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, bila gurudumu wala mnyama wa kubeba. Inastaajabisha kweli.

Ila usiihamishie hesabu hii Monks Mound, kichuguu kingine kikubwa cha Marekani kilichoko Cahokia. Kile kilijengwa kwa awamu, tena miaka zaidi ya 2,000 baadaye. Upimaji wa umri kwa kaboni hauwezi kutenganisha miezi, kwa hiyo siku 90 zinasimama juu ya ushahidi wa matabaka.