Kopo linalofanana na lako: sajili na sura yake

Pole sana dada. Supamaketi inayokuuzia siagi ya karanga imetoa ya kwake, kopo na rangi kama zako, jina tofauti, nawe unauliza kama una haki. Unayo, ila inategemea ulichosajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara. Wengi husajili jina tu, na mwigaji huliacha hilo jina akabeba sura nzima.

Uingereza, kampuni ya Thatchers walikuwa wamesajili mwonekano wa kifungashio cha saida yao ya limau, yaani kinywaji cha tufaha chenye kilevi, na supamaketi ya Aldi ikatoa inayofanana nayo. Walishindwa na Aldi mahakamani mwaka 2024, wakakata rufaa na kushinda Januari 2025, ingawa haikuthibitika kwamba wateja walichanganya bidhaa hizo. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuitumia kama hoja.

Kama hukusajili, kazi ni nzito zaidi: uthibitishe kwamba wateja wanaijua sura hiyo kuwa yako na kwamba wanapotoshwa. Tunza ankara, picha zenye tarehe, na ujumbe wa kila mteja aliyenunua kopo lao akidhani ni lako. Na tafadhali usiwaanike mitandaoni kabla wakili hajawaandikia barua.

Ukiuza Zanzibar pia, kule kuna msajili wake.