Usikubali injini ishushwe kabla ya kupima nozeli na kompresheni

Usimpe fundi huyo hata shilingi moja ya ringi, yaani pete za pistoni. Umeeleza kwamba Hilux yako yenye injini ya dizeli ya Toyota aina ya 3L inatoa moshi mweusi inapopanda kilima cha Pugu na inapunguza oili kidogo, na kwamba fundi, baada ya kuitazama ekzosi tu, ameagiza fedha za ringi, slivu na beringi. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, kwa uhakika uleule, na fundi asiyemiliki hata geji ya dizeli ya kupimia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda.

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha au isiyopulizwa vizuri. Oili inayoungua hutoa moshi wa bluu, na moshi mweupe usiokoma injini ikishapata moto ni dizeli isiyowaka au maji yanayopenya kwenye silinda. Kwa fundi wangu rangi zote zilikuwa na tiba moja, nayo ilianzia mfukoni mwangu. Alishusha injini, bloku ikachongwa, ringi mpya zikaingia, kisha akarudisha nozeli zilezile, yaani vipulizio vya dizeli, bila kuzipima, akiapa kwamba hazina tatizo. Nozeli inayovuja humwaga dizeli kwenye kuta za silinda na kuosha utando wa oili, hivyo ringi mpya husagika kabla hazijakaa sawasawa, huku dizeli iliyobaki ikiteremka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi. Moshi wangu ulirudi, safari hii ukiwa na wa bluu ndani yake. Majirani hawakuhitaji tena kuuliza kama nimefika nyumbani, na yule fundi, aliyekuwa akipokea simu kwa mlio wa kwanza, akawa hapatikani.

Hatimaye nilizipeleka nozeli kwa fundi wa pampu za dizeli, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Alipobonyeza mkono wa mashine yake ya kupimia, nozeli tatu zilitoa ukungu. Ya nne ilitoa mchirizi mwembamba, kisha tone la dizeli likabaki likining'inia kwenye ncha. Tone hilo ndilo nililolilipia bloku nzima.

Kwa hiyo kagua kwanza chujio la hewa, ambalo kwa vumbi la barabara zetu za mitaani huziba upesi, kisha peleka nozeli zote zikapimwe, na ikibidi, pampu. Baada ya hapo pima kompresheni injini ikiwa na moto, kupitia matundu ya hita plagi (plagi zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha), kwa geji ya dizeli. Geji ya petroli huishia kwenye presha ya karibu bari 20, ilhali injini isiyochakaa ya aina yako hukaribia bari 30. Silinda moja ikiachwa mbali na nyingine, hapo ndipo fundi awe na haki ya kutamka neno ringi. Vipimo vya silinda zote nne ukivipata, viandike hapa kabla hujanunua kipuri chochote.